Barua ya Lami na Foleni Isiyoonekana

Barua zenyewe zinafanana. Juu kuna jina la mtaa na kata, kisha "Mkurugenzi Mtendaji", chini yake "Kupitia kwa Mtendaji wa Kata", halafu kichwa cha habari kwa herufi kubwa: YAH: OMBI LA KUKARABATIWA BARABARA YETU. Inafuata historia fupi. Lami iliwekwa mwaka fulani, wananchi wakashangilia, sasa yamebaki mashimo matupu, bajaji hazitaki kuingia, bodaboda wamepandisha nauli, lori la mchanga likija linadai hela ya ziada. Mwishoni kuna muhtasari wa mkutano wa mtaa na kurasa kadhaa za majina na sahihi. Ukiishi pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Kivule, Kitunda, Goba au Mbezi ya ndani ndani, huenda sahihi yako ipo kwenye mojawapo.

Majibu nayo yanafanana. Halmashauri inashukuru, inasema ombi limepokelewa na limepelekwa TARURA, wakala wa barabara za mitaani na vijijini, kwa hatua zaidi. TARURA ikiulizwa inajibu kwamba barabara hiyo inajulikana, ipo kwenye mpango, na itatengenezwa fedha zikipatikana. Hapo hasira zinapanda. Mtu mmoja anasimama kwenye mkutano na kusema tumechoka na porojo, mwingine anapendekeza masika yakija tupande migomba katikati ya barabara ili wakubwa waone. Binafsi nadhani pande zote mbili zina ukweli mkubwa kuliko zinavyopeana, na kila upande una jambo linaloukera kulisikia.

Kwanza, barua inaenda kwa nani? Hadi mwaka 2017 barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini zilikuwa mali ya halmashauri, chini ya idara yake ya ujenzi. Julai mwaka huo Serikali ikazindua Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, chini ya Ofisi ya Rais TAMISEMI, ikauhamishia barabara hizo, wahandisi wake na fungu lililokuwa likija halmashauri kutoka Mfuko wa Barabara. Barabara kuu na za mikoa zilikuwa tayari chini ya TANROADS tangu mwaka 2000. Kwa hiyo mkurugenzi anayeandikiwa leo hana fungu hilo tena. Halmashauri zenye mapato mazuri huweza kuchangia kutoka mapato yao ya ndani, lakini mwenye ramani, mikataba na mkandarasi ni meneja wa TARURA wa wilaya.

Wananchi wengi wanalijua hilo, na bado wanaandika halmashauri. Wala si ujinga. Diwani walimpigia kura, wanajua nyumba yake ilipo, wanakutana naye msibani. Meneja wa TARURA hakuomba kura ya mtu. Anahudhuria baraza la madiwani, anatoa taarifa, anahojiwa kwa ukali, halafu anarudi ofisini kwake ambako bosi wake yuko Dodoma. Diwani naye anabaki na lawama za barabara asiyokuwa na uwezo wa kuamuru hata kijiko kimoja cha kifusi kimwagwe juu yake.

Hoja ya wananchi kuhusu fedha ni nzito, na watendaji wakiipuuza wanakosea. Mwenye gari, bodaboda au jenereta akijaza mafuta anakatwa tozo ya barabara ndani ya bei ya kila lita. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli, na Serikali ikatamka wazi kwamba fedha hiyo inakwenda TARURA kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mwaka huohuo kodi ya majengo ikaingizwa kwenye LUKU, ukinunua umeme inakatwa kimyakimya. Hata asiye na baiskeli analipa, maana nauli ya daladala na bei ya nyanya zina mafuta ndani yake. Mtu aliyekatwa kote huko ana haki ya kuuliza hela yake imekwenda wapi, na jibu la "fedha zikipatikana" linamfanya ajione kama anaomba msaada.

Sasa upande wa pili. TARURA inasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000. Zenye lami hazifiki asilimia 5 ya hizo. Zilizobaki ni changarawe, na nyingi zaidi ni udongo mtupu usiopitika mvua ikikolea. Mgawanyo wa asili wa Mfuko wa Barabara ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na asilimia 30 kwa barabara za serikali za mitaa, ingawa mtandao wa TANROADS ni mfupi mara kadhaa kuliko huu. Shilingi 100 ya mwaka 2021 ilisaidia kweli, bajeti ya TARURA ikapanda zaidi ya mara mbili. Mwaka huo kila jimbo lilipewa shilingi milioni 500 za barabara, na wabunge wakapigiwa makofi. Lakini kilomita moja ya lami ya mtaa yenye mitaro ya zege na kalavati zake hula mamia ya mamilioni, na penye udongo mbaya au mto wa kuvuka inapita bilioni. Jimbo moja la Dar es Salaam lina kata kadhaa, na kila kata ina barua yake.

Meneja akiwa mkweli atasema hivi: nina barabara ambako wanafunzi hawavuki mto masika yote kwa sababu kalavati lilisombwa, na nina barabara yenu yenye mashimo lakini inapitika. Nianze na ipi? Swali hilo ni gumu. Mtu wa mjini aliyezoea lami huona mashimo ni maafa, na mtu wa kijijini angeyapokea mashimo hayo kwa furaha ilimradi gari lifike. Sisemi wa mjini anyamaze. Nasema tu kwamba barua yake haisomwi peke yake, hata kama kwake ndiyo pekee iliyopo.

Kuna jambo barua nyingi hazigusi kabisa, nalo ni chanzo cha barabara kufa. Tembea kwenye mtaa wowote wenye lami iliyochakaa, uangalie uharibifu umeanzia wapi. Mara nyingi umeanzia ukingoni, mahali penye mtaro ulioziba, au bondeni kabla ya kalavati, ambako maji husimama siku mbili tatu baada ya mvua. Lami nyingi za mitaani ni nyepesi: tabaka jembamba la lami na kokoto lililomwagwa juu ya msingi ulioshindiliwa. Tabaka hilo halibebi mzigo. Kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasifike kwenye msingi, na mzigo unabebwa na msingi wenyewe. Maji yakisimama pembeni yanapenya kwa chini, msingi unalainika, tairi likipita lami inabonyea na kupasuka, ufa unaingiza maji zaidi. Ndani ya masika mawili pale palipokuwa na ufa pana shimo la kuogea bata.

Ni nani ameziba mtaro? Hapa mkutano wa mtaa huwa kimya. Mwenye fremu amemwaga zege juu ya mtaro ili wateja waegeshe, wala hakuacha hata bomba la kupitisha maji. Muuza chipsi anasukumia humo maganda na mafuta machafu. Mwenye nyumba anasubiri mvua kubwa ya usiku ili atapishe choo. Mwingine ameinua ukuta ndani ya hifadhi ya barabara kabisa, na greda likija anatoa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa aliyekwishatoka madarakani. Nao wote wamesaini barua. Kuna siku mamlaka ya maji nayo inakuja, inakata lami kupitisha bomba, inarudishia kifusi bila kushindilia, na mkato huo unageuka mfereji wa kuvuka barabara. TARURA ikisema "tumetengeneza, nyinyi mmeharibu", wananchi wanachukia, lakini kwa sehemu ni kweli.

Halafu kuna malori. Utafiti mkubwa wa barabara uliofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, ulionyesha kwamba uharibifu hauongezeki sawa na uzito. Ekseli ikibeba mzigo maradufu, inaumiza barabara karibu mara 16. Ndiyo maana kwenye barabara kuu kuna mizani, na ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya udhibiti wa uzito wa magari. Mitaani hakuna mizani. Pengine kuna kibao kinachokataza magari ya zaidi ya tani 10, na chini ya kibao hichohicho lori la mchanga linapita limejaza mpaka linamwaga njiani, likienda kushusha kwa jirani yetu anayejenga, ambaye kesho atalalamika vumbi. Mtaa unaojengeka kwa kasi unakula barabara yake wenyewe. Hilo si kosa la mtu mmoja, lakini ni jambo la kuingia kwenye hesabu ya unene wa lami tangu mwanzo. Mhandisi anayeweka lami nyepesi kwenye mtaa uliojaa viwanja vitupu vinavyosubiri ujenzi anajua, au anapaswa kujua, kwamba malori yanakuja.

Na hapa lawama inarudi upande wa wakala, tena kwa uzito. Ukarabati unaofanywa mara nyingi hauna heshima. Kiraka cha lami kina taratibu zake: shimo linakatwa mpaka kingo ziwe mraba na wima, uchafu na udongo tope unatolewa hadi kufikia msingi mkavu, kingo zinapakwa lami ya maji, linajazwa kwa tabaka, linashindiliwa, na kiraka kinaachwa kikiwa sawa na uso wa barabara. Tunachokiona mitaani ni vijana wawili na koleo, kirikuu kimebeba moramu, shimo linajazwa kifusi juu ya maji, linakanyagwa na tairi la kirikuu hichohicho, kazi imeisha. Mvua ya kwanza moramu inakuwa uji, mvua ya pili shimo limerudi na limeleta mwenzake. Ukiwauliza wanasema hayo ni matengenezo ya dharura tu. Basi, lakini fedha imetumika, na kwenye taarifa ya robo mwaka barabara hiyo imeandikwa imetengenezwa.

Methali ya ufa na ukuta inasomwa kwenye kila semina ya wahandisi, na hesabu zake zipo. Wakala wa barabara kuu wa Afrika Kusini, SANRAL, umekuwa ukionya kwamba barabara ikiachwa bila matengenezo miaka mitatu, gharama ya kuirudisha inafika mara 6 ya kile ambacho kingetumika, na ikifika miaka mitano ni mara 18. Kwa hiyo TARURA ikisema haina fedha ya kuweka lami upya, swali linaloiuma zaidi ni hili: mlikuwa wapi mwaka wa pili, ilipohitaji kuzibua mtaro na kuziba nyufa? Mtaro unazibuliwa kwa majembe na vijana wa mtaa wanaolipwa kwa siku. Kazi hiyo haina utepe wa kukata. Hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuzindua mtaro uliozibuliwa, na nadhani sababu kubwa ya barabara zetu kufa mapema iko hapo kuliko kwenye ukubwa wa bajeti.

Madiwani wengi wana dawa yao: rudisheni barabara halmashauri. Wanaitoa hoja hiyo tangu TARURA ianze, na Katiba wanayo upande wao, maana Ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kama barabara ya mtaa si jambo la serikali ya mtaa, kipi ni chake? Hoja hiyo ina nguvu. Lakini waliokuwepo kabla ya 2017 wanakumbuka pia. Fungu la barabara lilikuwa linaazimwa kwa mambo mengine ya halmashauri na halirudi. Greda moja bovu lilikuwa linasubiri kipuri miezi. Barabara iliyochongwa vizuri mara nyingi ilikuwa inaishia kwa mheshimiwa fulani. Wahandisi walikuwa wametawanyika, kila halmashauri na wake mmoja au wawili, na zile za pembezoni zikibahatika kumpata fundi mchundo. TARURA ilianzishwa kwa sababu hizo, na sijaona mtetezi wa kurudisha barabara akieleza mambo hayo yatazuiwa vipi safari hii.

Jirani zetu wamejaribu njia nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizipa kaunti barabara zao, lakini mashirika ya kitaifa ya barabara za mijini (KURA) na za vijijini (KeRRA) yakaendelea na kazi, na magavana na wabunge wamefikishana mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za tozo ya matengenezo ya barabara. Mwananchi wa Kenya naye anapanda bodaboda kupita mashimo huku wakubwa wakibishana nani ashike hundi. Kuhamisha madaraka kwenye karatasi kunabadilisha anayelaumiwa. Shimo halijui kama lipo chini ya wakala au chini ya kaunti.

Kwa hiyo ukiniuliza nani ana haki, nitasema wananchi wana haki ya kudai, ila wanadai kitu kimoja badala ya viwili, na wakala una haki ya kusema fedha haitoshi, ila unaficha jambo ambalo lingewafanya watu wavumilie. Fedha haitatosha mwaka huu wala miaka kumi ijayo. Maana yake kuna foleni. Na watu wetu wanajua kukaa kwenye foleni. Wamekaa za mwendokasi, za zahanati, za maji. Wasichoweza ni kukaa kwenye foleni wasiyoiona mwanzo wala mwisho, huku wakiona mtaa wa pili, uliokuja juzi, umewekewa lami na taa.

Huenda mtaa ule wa pili umo kwenye DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wenye vigezo vyake na maeneo yake yaliyochaguliwa tangu mapema. Huenda una hospitali. Huenda una mkubwa. Wananchi hawana njia ya kujua ipi kati ya hizo ndiyo sababu, basi wanachagua ya tatu, na mara nyingine hawajakosea. TARURA ina takwimu za hali ya kila barabara, ina makadirio, ina mpango wa matengenezo ya kawaida, ya muda maalumu na ya sehemu korofi. Karatasi moja yenye barabara za kata, hali yake, nafasi yake kwenye foleni na sababu ya nafasi hiyo, ikibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji wa kata, haigharimu lita moja ya lami. Sijui serikali inaogopa nini kuibandika. Au najua: karatasi hiyo ikishabandikwa, kuruka foleni kunaonekana.

Upande wa wananchi, barua nayo ibadilike. Ombi la "kiwango cha lami" limekuwa kama wimbo, hata pale ambapo si jibu bora. Mitaa ya milimani Mwanza ina barabara za mawe yaliyopangwa na kushindiliwa, zinazostahimili mteremko na maji kuliko lami nyepesi, na mawe yenyewe yanapatikana hapohapo. Kigoma TARURA imejenga madaraja ya mawe kwa gharama ndogo kuliko ya zege na nondo. Mtaa wa Dar es Salaam wenye bonde na maji ya ardhini yaliyo karibu unaweza kuhitaji mtaro mkubwa na kalavati pana kwanza, kisha changarawe nzuri, na lami ije baadaye. Najua mkutanoni mtu akisema tuombe mtaro, anazomewa kwamba anatuomba tubaki na vumbi. Lakini lami iliyowekwa bila mtaro ni ahadi ya kuandika barua nyingine baada ya masika matatu.

Tena kuna suala la tarehe, ambalo linachekesha kama lisingekuwa linaumiza. Barua nyingi zinaandikwa Aprili na Mei, barabara ikiwa imechafuka na watu wakiwa wamelowa. Wakati huo bajeti ya mwaka unaofuata iko Bungeni Dodoma, wabunge wanaijadili, na mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Mapendekezo ya wilaya yalipikwa miezi ya mwisho ya mwaka uliopita na mwanzoni mwa mwaka, masika yakiwa yamesahaulika. Barua ya Aprili, hata ikiwa na sahihi elfu, inapata kiraka cha dharura, na kama ina bahati inawekwa kwenye faili la mwaka ule mwingine. Iliyofika Oktoba kupitia kamati ya maendeleo ya kata, ikiwa na picha za masika yaliyopita, jina la barabara kama lilivyo kwenye orodha ya TARURA na nakala kwa meneja wa wilaya, inaingia kwenye mjadala wakati namba bado zinaweza kusogezwa.

Iwe na maswali pia, siyo ombi tu. Barabara yetu ni ya ngapi? Iliyo mbele yetu imetangulia kwa sababu gani? Kiraka cha mwaka jana kiligharimu kiasi gani, na mkandarasi alikuwa bado chini ya kipindi cha uangalizi, yaani muda wa kurekebisha kasoro kwa gharama yake, au la? Mwenyekiti wa mtaa atakuwa na kazi yake: kuwaambia wenye fremu wavunje zege walilofunikia mtaro kabla mhandisi hajaja kukagua. Huo ndio mkutano utakaokuwa mgumu kuliko wa kuandika barua, na nina mashaka wangapi watahudhuria.